Uzi: Kutoka mtaa wa Lalezar hadi sebuleni, namna starehe za Wairani zilivyohamahama

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila baada ya miezi kadhaa zinarudi picha zilezile. Mabinti wa Tehran wa miaka ya 1970, sketi fupi, nywele zimetengenezwa, nyuma yao kuna gari aina ya Paykan. Chini pameandikwa "Iran kabla ya 1979", na hapo watu wanavutana siku mbili nzima. Mmoja analilia pepo iliyopotea, mwingine anashukuru uchafu umefagiliwa. Nimekuwa nasoma na kupita. Leo nimeona niandike ninachokijua.

Nilifanya kazi miaka sita Deira, Dubai, kwenye duka la mzee mmoja wa Kiirani. Tulikuwa tunauza pistachio, zafarani, ndimu kavu na zabibu. Mzee alizaliwa Tehran miaka ya 1940, akavuka Ghuba baada ya mapinduzi ya 1979, yaliyomng'oa Shah, yaani mfalme, na kuwapa viongozi wa dini nchi. Aliniita "pesaram", yaani mwanangu, na mimi nikamwita baba, basi ikawa hivyo. Juu ya friji kulikuwa na redio kaseti, na ndani yake mara nyingi kulikuwa na kanda ya Hayedeh, mwimbaji wa kike maarufu wa Iran. Kanda ile ilikuwa imeshaliwa na mashine siku moja, tukaivuta na kuikunja upya kwa kalamu. Tangu hapo kuna mahali sauti ilikuwa inazama, kama mtu aliyetumbukia majini, kisha inaibuka. Mzee alipajua mahali hapo. Ikikaribia alikuwa anaacha kupima mzigo, anauimba mstari ule mwenyewe mpaka Hayedeh arudi, ndipo anaendelea kupima. Wateja wa Kiirani walikuwa wanasubiri bila kulalamika. Wengine waliuimba pamoja naye.

Hoja yangu naitanguliza: starehe za Wairani hazikuanza na sketi fupi wala hazikuzikwa 1979. Zilihama. Zilikuwa uani, zikaenda barabarani, zikaingia redioni, zikarudi sebuleni mapazia yakiwa yamefungwa. Nitakwenda taratibu, mtanivumilia.

#2 Mchangiaji

Mkuu nimeshaweka kiti. Ila anzia mbali kidogo. Kabla ya sinema na redio, hao watu jioni walikuwa wanafanya nini?

#3 Mleta uzi

Swali zuri, maana hapo ndipo wengi wanaporuka.

Wanaume walikuwa na ghahvekhane. Maana yake nyumba ya kahawa, na zama za wafalme wa Safavi (karne ya 16 hadi ya 18) pale Isfahan kweli ilikuwa kahawa. Baadaye chai ikaishinda. Mwanzoni mwa karne ya 20 Kashef al-Saltaneh alileta miche ya chai kutoka India na kuipanda Lahijan, karibu na Bahari ya Kaspi. Jina likabaki la kahawa, kinachomiminwa ni chai. Inakuja kwenye istikani, kigilasi kidogo kiunoni kimebanwa, na sukari haikorogwi ndani. Unakibana kidonge cha sukari kwa meno ya mbele, chai inapita juu yake. Mzee wangu alinifundisha, mwezi wa kwanza nilikuwa nakimeza kidonge kabla ya chai.

Humo ndani alikuwepo naqqal, msimulizi. Anasimama na fimbo mkononi, nyuma yake kuna pazia lililochorwa mashujaa, anasimulia hadithi za Shahnameh, utenzi wa Ferdowsi wa miaka elfu moja iliyopita. Hakumaliza kwa usiku mmoja. Alikata pale pale roho zilipokuwa juu, ili kesho mrudi. Usiku wa kifo cha Sohrab, kijana anayeuawa vitani na baba yake Rostam bila baba kumtambua, watu walikuwa wanalia wazi wazi, na inasimuliwa kuwa wapo waliomlipa msimulizi ili asimuue kijana usiku huo. Hao ni watu wazima, wabeba mizigo na wauza nyama. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka sanaa hii kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kunusuriwa haraka, kwa sababu wasimulizi wamebaki wachache.

Nyumbani kulikuwa na mambo mengine. Nyumba za zamani zilikuwa na ua katikati, na katikati ya ua kuna hodhi la maji. Siku ya harusi wanafunika hodhi kwa mbao, wanatandika zulia juu, pamekuwa jukwaa. Mchezo ukaitwa ruhowzi, "juu ya hodhi". Wachezaji, wapiga ngoma, vichekesho vya kumsema tajiri bahili na mume fulani anayeogopa mke.

Na baridi ikija kulikuwa na korsi: meza fupi, chini yake jiko la makaa yaliyofunikwa majivu, juu yake mfarishi mkubwa unaowafunika wote mpaka kifuani. Familia nzima miguu iko chini ya meza moja. Usiku wa Yalda, ule mrefu kuliko yote mwishoni mwa Desemba, wanakesha hapo na makomamanga, tikiti maji lililotunzwa tangu kiangazi, na diwani ya Hafez, mshairi wao mkuu wa kale. Kila mtu ananuia jambo lake moyoni, mkubwa wa nyumba anafungua kitabu popote na kusoma, na shairi linalotoka ndiyo jibu lako. Mzee alifanya hivyo dukani kila mwaka. Aliponifungulia mimi, alinitafsiria mstari mmoja mmoja huku akifuta miwani.

#4 Mchangiaji

Hapo kwenye ruhowzi umepita haraka mkuu. Nimewahi kuona picha, kuna mchezaji amepakwa masizi usoni. Huyo ni nani?

#5 Mleta uzi

Sikutaka kukwepa, nilikuwa najipanga.

Anaitwa siah, "mweusi". Ni mtumishi wa nyumba ya tajiri. Matamshi yake yamepinda, anajifanya haelewi, lakini ndiye pekee anayemwambia bwana ukweli mbele ya watu. Wairani wengi wanampenda kwa hilo, wanasema alikuwa mdomo wa wanyonge. Mimi nilipoonyeshwa mkanda wake mara ya kwanza nilinyamaza, na mzee akaona. Asili yake wanaibishania, lakini historia haifichiki: watu wetu walivushwa Ghuba kwa majahazi kama watumwa, wakauzwa Bushehr, Bandar Abbas na kwingineko, na Iran ilipiga marufuku utumwa kwa sheria mwaka 1929. Uzao wao upo hadi leo Hormozgan, Bushehr na kisiwani Qeshm. Pale Deira nilikutana na mabaharia wa kusini mwa Iran ambao ungewaweka Tanga au Lamu usingewatofautisha. Wana ngoma za zar, za kumtuliza pepo kwa mdundo, mambo ambayo bibi zetu wa pwani wasingehitaji kuelezwa. Na muziki unaoitwa bandari, unaochezwa mabega yakitetemeka, ndio huo ambao Tehran nzima inauitisha kwenye harusi. Kwa hiyo tukihesabu starehe za Wairani, mkono wetu umo, na uliingia kwa uchungu.

#6 Mchangiaji (Unguja)

Naongezea kidogo. Sisi huku Makunduchi tuna Mwaka Kogwa, Nairuzi ya watu wa zamani, tena tunachoma banda la makuti na vijana wanapigana kwa migomba. Babu akisema ni mwaka wa Washirazi. Ila Nowruz, mwaka mpya wa Iran, ni Machi, yetu Julai. Imekuwaje?

#7 Mleta uzi

Ahsante sana ndugu yangu. Tofauti ni ya kalenda. Mwaka wa pwani ulihesabiwa siku 365 bila kuongeza siku ile ya mwaka mrefu, kwa hiyo kila miaka minne unateleza siku moja. Karne zikipita, umefika Julai. Wairani wenyewe waliirekebisha yao ikae siku ya usiku na mchana kulingana, mwezi Machi. Na hilo la Washirazi, utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2023 kwenye mifupa ya makaburi ya kale ya pwani ulikuta kweli damu ya Kiajemi, hasa kupitia kwa wanaume, pamoja na damu ya Kiafrika. Babu hakukosea. Moto nao upo kote: kule Jumanne ya mwisho ya mwaka usiku wanaruka juu ya moto, wanauambia uchukue unyonge wao uwape wekundu wake.

Turudi Tehran. Lalezar.

Jina maana yake ni bustani ya tulipu, kwa kuwa zamani palikuwa na bustani ya kifalme. Naser al-Din Shah alikwenda Ulaya mwaka 1873, akarudi akitaka mtaa kama Champs-Élysées. Mtaa ukapatikana, na nusu ya kwanza ya karne ya 20 kila kilicho kipya kilianzia hapo: hoteli, tamthilia, sinema, mikahawa, maduka ya nguo za Ulaya.

Mwaka 1924, ukumbi wa Grand Hotel, mtaa huohuo, mwanamke mdogo aitwaye Qamar ol-Moluk Vaziri alisimama akaimba mbele ya wanaume bila hijabu. Hiyo ni miaka 12 kabla Reza Shah hajalazimisha kuvuliwa mabuibui kwa amri ya 1936. Naomba mtu asome tena hapo. Hakuna polisi aliyemvua, wala hakuna aliyemruhusu. Aliimba kwa sababu alikuwa na sauti, na ukumbi ukajaa. Fedha alizopata alizigawa kwa wenye shida, na alikufa 1959 akiwa masikini. Picha zinazozunguka mtandaoni hazimtaji, na hilo linaniuma kweli.

Sinema iliingia kupitia ikulu. Mozaffar al-Din Shah aliiona Paris mwaka 1900, akanunua vifaa, na mpiga picha wake akarekodi sherehe ya maua kule Ostend, Ubelgiji. Filamu ya kwanza ya Kiajemi yenye sauti, 1933, ilitengenezwa Bombay, si Tehran, kwa mkono wa Ardeshir Irani na Abdolhossein Sepanta. Binti aliyeigiza, Ruhangiz Saminejad, alitukanwa na kusumbuliwa hata akajificha maisha yake yote yaliyobaki. Kwa hiyo hata zama hizo za "uhuru" mwanamke alilipa.

Mzee wangu alikuwa mtoto wa miaka ya mwisho ya Lalezar. Alhamisi jioni baba yake anawachukua, maana kesho Ijumaa. Wananunua mbegu za maboga na tikiti zilizokaangwa na chumvi, zimefungwa kwenye karatasi. Taa zikizimwa unasikia ukumbi mzima unatafuna, tk, tk, tk, na mkitoka mnakanyaga maganda kama mtu anayetembea juu ya majani makavu. Akinieleza hivyo alikuwa anapasua mbegu kwa meno ya pembeni, bila kutumia mkono, ganda zima linatoka mdomoni halijavunjika.

Mwaka 1965 ikaja filamu ya Fardin, aliyekuwa mwanamieleka wa taifa kabla ya kuwa nyota. Masikini mwenye moyo mkunjufu, tajiri aliyechoka kuishi, na wanakaa chini kula abgusht. Ni chakula cha watu wa kawaida: unamimina mchuzi kwenye bakuli lenye mkate uliomenyuliwa, unaula kwanza, kisha nyama, dengu na viazi vinapondwa pamoja kwa mchi. Wakosoaji wakaziita filamu za namna hiyo "filamu za abgusht" kwa dharau. Lakini watu walipanga foleni.

#8 Mchangiaji

Kwa maelezo haya si ndiyo tunarudi palepale? Walikuwa peponi, wakajiharibia wenyewe.

#9 Mleta uzi

Hapana mkuu, na hapa naomba tuelewane.

Kabare za Tehran kaskazini hazikuwa za kila mtu. Kusini mwa jiji watu walitoka vijijini wakajazana bila maji ya bomba. Kulikuwa na SAVAK, idara ya usalama iliyoundwa 1957, na watu waliteswa kwa kitabu au kipeperushi. Mzee alikuwa anapenda nyimbo za enzi ile mpaka machozi, lakini kaka yake alifungwa enzi hiyohiyo. Vyote viwili vilikaa kwenye kifua kimoja.

Watu wa kusini walikuwa na starehe yao, zurkhaneh, nyumba ya nguvu. Unaingia kwa mlango mfupi ili uiname. Katikati kuna shimo la pembe nane, wanaume wanazungusha virungu vizito kwa mdundo wa ngoma na kengele, na morshed, kiongozi wao, juu kwenye kiti chake anaimba mashairi. Huko ndiko alikotoka Gholamreza Takhti, mtoto wa Khaniabad, bingwa wa Olimpiki kwa mieleka Melbourne 1956. Tetemeko la Buin Zahra lilipoua watu zaidi ya 12,000 mwaka 1962, Takhti alishuka barabarani kwa miguu akichangisha, na watu walimpa mpaka makoti waliyovaa. Alikutwa amekufa hotelini Januari 1968. Serikali ikasema amejiua. Umati uliomzika haukusadiki. Mzee alikuwa na picha moja tu dukani, si ya Shah wala ya Ayatollah. Ni ya Takhti.

Na kabla ya mapinduzi kukamilika, sinema zilianza kuchomwa. Tarehe 19 Agosti 1978 sinema Rex ya Abadan iliwashwa moto milango ikiwa imefungwa. Walikufa watu zaidi ya 370, waliokwenda kuangalia filamu tu. Mzee hakuwahi kulizungumza hilo kwa zaidi ya sentensi mbili, na mimi nitaishia hapo.

#10 Mleta uzi (inaendelea)

Kuna mmoja ameniuliza kwa ujumbe kuhusu redio. Radio Tehran ilifunguliwa Aprili 1940. Lakini kilichobadilisha mioyo ni vipindi vya Golha, "maua", alivyovianzisha Davoud Pirnia mwaka 1956, vikaendelea mpaka 1979. Mjue kwamba kwa muda mrefu mwanamuziki alihesabika mtu duni, wengine waliibeba ala chini ya koti ili jirani asione. Pirnia aliyaweka mashairi ya Hafez, Saadi na Rumi pamoja na wapigaji na waimbaji bora wa zama zile, waimbaji kama Banan na Marzieh. Nani angemwambia mwanawe azime redio inayosoma Hafez? Ala ikatoka chini ya koti.

Baada ya 1979 mwanamke alikatazwa kuimba peke yake mbele ya wanaume. Hayedeh alikuwa ameshaondoka mwaka uliotangulia. Alifia California 1990, hajarudi. Googoosh, mwimbaji mwingine wa kike, ambaye miaka ya 1970 wasichana walikwenda saluni kuomba nywele kama zake, alibaki nchini na akanyamaza miaka 21. Mwaka 2000 akaruhusiwa kusafiri, akaimba Toronto.

Nchini ikaja vita na Iraq, 1980 hadi 1988. Starehe ikafunga mapazia. Deki za video zilikuwa haramu, basi kulikuwa na mtu anayepita na mkoba wa ofisini, umejaa mikanda badala ya makaratasi. Unachagua, unalipa, wiki ijayo anapita kuchukua. Nyimbo ziliimbwa Los Angeles, zikanakiliwa Dubai, zikavuka kwa jahazi, na zikanakiliwa tena Tehran mpaka sauti imekuwa mchanga. Harusi zilifanywa ndani, mjomba mmoja amesimama mlangoni anasikiliza kama gari la kamiti, doria ya mapinduzi iliyokuwa ikisimamia maadili, linakuja, mdogo mmoja mkono uko kwenye kitufe cha redio. Gari likisikika, wanawake wanavaa mitandio, muziki unakatwa, kila mtu ameshika istikani ya chai. Likipita wanaendelea. Dada yake mzee aliolewa hivyo, na alisema hajawahi kucheza kama usiku ule.

Yakaja madishi, yakapigwa marufuku 1995. Watu wakayafunika maturubai juu ya paa.

Lalezar yenyewe leo ni mtaa wa maduka ya taa na nyaya za umeme.

#11 Mleta uzi (inaendelea)

Nimalizie na siku niliyoiona kwa macho yangu.

Jumamosi, 29 Novemba 1997. Iran inacheza na Australia Melbourne kutafuta nafasi ya mwisho ya Kombe la Dunia, hawajafika huko tangu 1978. Tehran walitoka 1–1. Dukani tuliweka televisheni juu ya magunia ya pistachio. Australia wakafunga la kwanza, wakafunga la pili. Mzee akainuka akaanza kupanga makopo ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Kipindi cha pili kikiwa kimekwenda sana, Karim Bagheri akarudisha moja. Dakika chache baadaye Khodadad Azizi akabaki na kipa. 2–2. Kwa bao la ugenini, Iran wamepita. Mzee alikaa chini sakafuni. Akasema, "Melbourne, pesaram. Melbourne ya Takhti."

Kisha akampigia dada yake Tehran. Ilichukua karibu saa nzima laini kupatikana. Dada hakuzungumza chochote. Aliutoa mkono wa simu nje ya dirisha na kuuacha hapo. Mzee akanipa nisikilize. Honi, honi, watu wengi sana, na sauti za wanawake. Walikuwa wamejaa barabarani wakicheza, wanaume kwa wanawake, na jioni ile askari hawakuweza kuwazuia. Siku timu iliporudi, maelfu ya wanawake waliingia uwanja wa Azadi ambako hawakuruhusiwa.

#12 Mchangiaji

Dah. Walikuwa wanaimba nini mkuu, wimbo wa taifa?

#13 Mleta uzi

Nilimuuliza mzee hilohilo. Aliweka simu sikioni tena, akasikiliza muda, akatabasamu. Walikuwa wanaimba ule wa harusi, wa kumpongeza bwana na bibi arusi, ambao kwa miaka kumi na nane walikuwa wameuimba madirisha yakiwa yamefungwa.